Mtoto amehifadhi Juzuu Amma lakini hawezi kusoma msahafu: mtaala wa madrasa urekebishwe vipi?

*"Assalamu alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya madrasa ya msikiti wetu. Tuna watoto 80 wa miaka 5 hadi 14, na walimu wawili. Wanakuja siku tano kwa wiki, saa mbili kila siku baada ya shule. Hivi karibuni tuliwajaribu watoto waliokaa kwetu miaka mitano. Wengi wanasoma Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, kwa ghibu, lakini tulipowafungulia msahafu mahali pengine walikwama. Hawajui maana ya Fatiha, na baadhi ya wakubwa hawawezi kutaja yanayotengua udhu. Wakifika miaka 13 wanatoweka. Wazazi vijana wanataka tuongeze Kiingereza, hesabu na kompyuta ili watoto wavutike. Maalim wetu mkubwa, tunayemheshimu sana, anasema mtaala aliosomeshwa yeye umetoa mashekhe, na kuubadilisha ni uzushi. Pia kuna anayetaka kutuuzia mtaala kamili wenye vitabu vya ngazi zote. Tuanzie wapi?"*

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Mmefanya jambo ambalo kamati nyingi hulikwepa: mmewajaribu watoto wenyewe, hamkuridhika na makofi ya siku ya mahafali. Nikiyachuja maswali yako nabaki na moja tu. Mtoto anakaa kwenu miaka mitano, anatoka na nini? Kiingereza, kompyuta, mtaala wa kununua na ubishi na maalim, yote yanangoja jibu la hilo.

Nianze na hao wanaokwama, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Mtoto wa miaka sita ana sikio kali na ulimi mwepesi. Sura ikisomwa na wenzake kila siku, itamkaa kichwani hata kama hajaitazama herufi moja. Kidole kinatembea juu ya mstari, mdomo unasoma, macho hayana kazi. Mzazi anayepita dirishani anasema mashallah, mwanangu anasoma. Mkitaka kujua ukweli, chagueni neno moja katikati ya aya aliyoihifadhi, lifunikeni lililotangulia na linalofuata, kisha mwambieni alisome. Akirudi mwanzo wa aya na kuisoma kimyakimya mpaka afike kwenye neno hilo, basi anakumbuka, hasomi. Kuhifadhi kwake ni neema kubwa na asidharauliwe. Ila kuhifadhi hakuzai kusoma. Kila kimoja kinafundishwa kwa njia yake na kwa muda wake.

Na muda ndio penye siri ya madrasa yenu. Tupige hesabu pamoja. Watoto 80 kwa walimu wawili ni watoto 40 kwa kila mwalimu. Kama utaratibu wenu ni ule uliozoeleka, wa kila mtoto kwenda mbele kwa zamu na kusomeshwa darsa yake peke yake, dakika 120 zikigawanywa kwa watoto 40 zinampa kila mmoja dakika 3. Kwa siku tano ni dakika 15 kwa wiki. Tuseme mwaka wenu una wiki 40 za masomo: hizo ni saa 10 kwa mwaka, na saa 50 kwa miaka mitano. Mtoto huyo amekuwa chini ya paa lenu saa 2,000, na katika hizo amefundishwa kusoma saa 50. Zilizobaki amekaa akingoja, akipiga kelele pamoja na wenzake au akifinywa na jirani yake. Hata mkimletea mtaala bora kuliko yote duniani, utapita kwenye mlango uleule wa dakika tatu.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza hayahitaji kitabu kipya. Yanahitaji kuwapanga watoto upya. Kwa kusoma, wagaweni kwa uwezo na si kwa umri: wanaotambua herufi, wanaounganisha herufi na irabu, wanaosoma alama za sukuni, shadda na tanwini, wanaosoma msahafu kwa kusitasita, na waliokwisha kufunguka. Watoto 10 walio kwenye ukurasa mmoja wakikaa na mwalimu nusu saa, kila mmoja anapata nusu saa nzima, kwa kuwa kosa la mmoja likisahihishwa wote wanalisikia na kuliona palepale. Wakati huo kundi jingine linaandika, jingine linarudia hifdhi, yaani waliyoyahifadhi, wawili wawili, jingine linasikilizwa na mwanafunzi mkubwa. Halafu wanabadilishana.

Hapo atakayesema watoto kusomeshana ni uvivu wa mwalimu, mkumbusheni Ibn Sahnun, mwanazuoni wa Qayrawan huko Tunisia, aliyefariki mwaka 256 Hijria, miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuandika juu ya adabu za walimu wa watoto. Yeye hakuona ubaya watoto kuandikishana wenyewe kwa wenyewe, maana wanafaidika, mradi mwalimu akague walichokiandika. Sharti hilo la kukagua ndilo linalosahaulika.

Sasa niingie kwenye neno la maalim wenu, na nalichukua kwa uzito kwa sababu lina ukweli ndani yake. Anachokihofia ni kwamba atakuja mtu na jina la maendeleo, ataondoa Qur'ani kidogo kidogo na kuweka mengine. Jambo hilo limetokea mahali pengi, na hofu yake si ujinga. Lakini njia ya kufundishia si ibada yenyewe. Irabu anazowafundishia watoto, fataha, kasra na dhumma, hazikuwamo katika misahafu ya mwanzo. Mwanalugha Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alianza kwa kuweka nukta za rangi kuonyesha irabu, na baadaye mwanalugha mwenzake al-Khalil bin Ahmad akatengeneza alama zinazokaribia tulizonazo leo. Ziliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanakosea kusoma, nao wanazuoni wakatafuta njia ya kuwasaidia bila kuigusa Qur'ani. Naamini hoja hii, ikisemwa kwa adabu na faraghani, itamfikia kuliko mhadhara wowote wa kamati.

Tena mtaala haujawahi kuwa mmoja. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika mwaka 1377 Miladia, ameeleza jinsi watoto walivyofundishwa zama zake. Watu wa Maghrib, upande wa Morocco, walishika Qur'ani peke yake hadi mtoto akomae. Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, walifanya Qur'ani kuwa msingi lakini wakachanganya na mashairi, kanuni za Kiarabu na hati nzuri. Ifriqiya, upande wa Tunisia, walichanganya Qur'ani na hadithi. Kisha anamtaja Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 543 Hijria, aliyependekeza mtoto aanze na lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo aingie kwenye Qur'ani akiwa ana zana za kuielewa. Ibn Khaldun aliisifu njia hiyo, lakini akaeleza kwa nini watu hawakuifuata: mtoto mdogo yuko chini ya amri ya mzazi, na akishabalehe huenda akaacha masomo kabisa, basi wakaona wampatie Qur'ani kwanza kabla hajaponyoka. Akasema lau ingejulikana kwa hakika kwamba mtoto ataendelea kusoma, njia ya Kadhi ingekuwa bora.

Ona, hao wanaotoweka kwenu wakifika miaka 13 walikuwa wanatoweka tangu karne ya 14. Mtaala wenu ujengwe kwa kulikubali hilo. Mitaala mingi inaandikwa kama kwamba mtoto atakaa miaka kumi na kumaliza, na mambo ya lazima yanawekwa mwishoni, kwenye kitabu ambacho watoto wengi hawatakifikia. Geuzeni. Ulizeni: akiondoka akiwa na miaka 8, awe ameshika nini? Akiondoka na 11? Na 13? Andikeni majibu kwenye karatasi moja, kwa maneno ambayo mama yake ataelewa.

Mimi ningeandika hivi. Wa miaka 8 awe anasoma neno lolote la Qur'ani lenye irabu, polepole lakini kwa macho yake. Awe anatawadha vizuri bila kuelekezwa na anasali rakaa zake sawasawa, maana hadithi aliyoipokea Abu Dawud inataka tuwaamrishe watoto Sala wakiwa na miaka saba, na huwezi kumwamrisha mtu asichofundishwa. Awe ana sura fupi za kusalia anazozijua maana yake. Wa miaka 11 awe anasoma msahafu popote unapomfungulia, anajua sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kama kisa chenye mwanzo na mwisho, na anaijua imani yake kwa maelezo, zaidi ya orodha ya sifa. Na wa miaka 13 awe ameshafundishwa yote yanayomhusu mtu aliyebalehe.

Hapo kwenye kubalehe niruhusu nikae kidogo. Madrasa nyingi zinasomesha nguzo za Sala mara nne mtoto akiwa mdogo, na hazimwambii neno lolote kuhusu janaba, haidhi, josho na mwanzo wa wajibu. Walimu wanaona haya, na mtoto anaondoka mwaka uleule ambao kalamu inaanza kumwandikia. Msichana anapata haidhi yake ya kwanza hajui kama asali au asisali, na hana wa kumuuliza. Somo hili liwekwe kwenye miaka 9 hadi 11, wasichana na mwalimu mwanamke, wavulana na mwalimu mwanamume, kwa lugha safi na bila vicheko. Kama hamna ustadha, mama mmoja mwenye elimu akija mara chache kwa mwaka anatosha kuanza. Kwangu hili linatangulia kompyuta kwa mbali.

Kuhusu Kiingereza na hesabu, nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili. Wazazi wanaoomba hivyo wana nia njema. Lakini watoto wenu wanatoka shuleni ndipo waje kwenu. Mkiwawekea hesabu tena, mnakula saa zile kumi za wiki ambazo hawazipati mahali pengine popote, na shule inafanya kazi hiyo vizuri kuliko nyinyi. Kadhi Abu Bakr mwenyewe alikataza kumchanganyia mwanafunzi fani mbili kwa wakati mmoja, isipokuwa aliye na akili ya kuzibeba. Hali ni tofauti pale ambapo watoto hawaendi shule kabisa. Hapo kusoma na kuhesabu ni deni la jamii nzima na madrasa inaweza kulilipa. Kama wazazi wenu bado wanataka masomo ya ziada, yawekeni siku ambayo si ya madrasa, kwa mwalimu mwingine na kwa ada yake. Na tusijidanganye kuhusu kuvutika. Mtoto aliyechoka kungoja zamu yake saa mbili havutwi na kompyuta moja ya kugombania na wenzake 79.

Kinachomvuta mtoto ni kuelewa anachokisoma. Sala tano zina rakaa 17, kwa hiyo Mwislamu anasoma Fatiha si chini ya mara 17 kila siku, na wenu wanaifikisha ujanani bila kujua wanaomba nini. Maswahaba hawakufundishwa hivyo. Jundub bin Abdillah amesimulia, katika hadithi iliyomo kwa Ibn Majah, kwamba wao walipokuwa vijana na Mtume walijifunza imani kabla ya Qur'ani, kisha wakajifunza Qur'ani ikawazidishia imani. Na Abu Abdirrahman as-Sulami, aliyesomeshwa na Maswahaba, amepokea kwamba waliomfundisha walikuwa wakichukua aya kumi, hawavuki hadi wajue yaliyomo na kuyatenda. Msidai mtoto wa miaka saba ajue tafsiri. Anzeni na maneno ya Sala peke yake: takbira, Fatiha, tasbihi za rukuu na sijda, tashahhudi, na sura tatu za mwisho. Dakika kumi kila siku, kwa lugha anayoiongea nyumbani. Mkimaliza hayo, ongezeni sura mojamoja kutoka mwisho wa Juzuu Amma, kila anayohifadhi aijue inasema nini.

Hifdhi nayo ina ugonjwa wake: mtoto anapewa mpya kila siku na ya zamani inamtoka. Mtume ametuonya, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba Qur'ani inaponyoka haraka kuliko ngamia kwenye kamba zake. Dawa imeandikwa tangu zama za az-Zarnuji, aliyeandika juu ya adabu za mwanafunzi karibu miaka 800 iliyopita: darsa ya jana irudiwe mara tano, ya juzi mara nne, ya kabla yake mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Na kiasi cha darsa ya mwanafunzi anayeanza kiwe kile anachoweza kukishika kwa kukirudia mara mbili tu, halafu kiongezeke taratibu. Watafiti wa kumbukumbu wa zama zetu wamefika palepale: kusahau kunakuja kwa kasi siku za mwanzo, na kila marejeo yaliyopangwa yanapunguza kusahau huko. Basi wekeni siku moja kati ya tano isiwe na darsa mpya hata aya moja. Wazazi watalalamika kwamba mtoto haendi mbele. Waelezeni.

Kuhusu kitabu cha kuanzia kusoma, mtasikia mabishano makali kupita kiasi. Njia ya Baghdadia ya kuhijiza, ambapo mtoto anataja herufi na irabu kisha anaunganisha sauti, inamfanya aijue kila alama kwa jina lake, lakini ni ndefu, na wengine wanabaki kuimba hija bila kuifikia sauti ya neno. Njia ya Iqro', iliyoanzia Yogyakarta huko Indonesia na kupangwa kwenye vijitabu sita, inaruka majina na kumtia mtoto kwenye sauti moja kwa moja. Ni nyepesi kwa watoto ambao Kiarabu si lugha yao, ila inamtaka mwalimu mwenye makharij safi, yaani anayeitoa kila herufi mahali pake, kwa sababu mtoto anamuiga yeye na hana kingine cha kushika. Mwalimu asiyetofautisha sini na swadi atazalisha kizazi kizima kisichotofautisha. Chagueni ile ambayo walimu wenu wanaimudu, na muishike moja. Kubadilisha kila mwaka kunawaumiza watoto kuliko udhaifu wa njia yoyote.

Mtaala wa kununua sikukatazi. Unawapunguzia kazi ya kutunga, na vitabu vilivyopangika vinamsaidia mwalimu mpya. Ila kabla ya kulipa, angalieni umetungwa kwa saa ngapi za wiki, maana mitaala mingi imeandikiwa shule za kutwa na kwenu utakatika nusu ya njia. Angalieni fiqhi yake ni ya madhehebu mnayoyafuata, la sivyo mtoto atafundishwa kunut au kufunga mikono kwa namna moja madrasani na kuona nyingine msikitini, na ugomvi utawarudia nyinyi. Angalieni lugha ya maelezo. Na muulizeni muuzaji kama atawafundisha walimu, au anauza karatasi tu. Akikubali, nunueni ngazi mbili za mwanzo, mzijaribu mwaka mmoja.

Kwa saa kumi zenu za wiki, ningegawa hivi: tano za kusoma na hifdhi pamoja na marejeo yake, mbili za fiqhi ya ibada kwa vitendo, moja ya maana ya yanayosomwa kwenye Sala, moja ya sira na adabu, na moja ya kuwajaribu watoto na kuwasaidia waliobaki nyuma. Udhu ufundishwe kwa maji na ujaribiwe kwa maji. Mtoto anaweza kuandika faradhi zote sita za udhu kwa madhehebu ya Shafi na bado akaacha visigino vikavu. Kila mtoto awe na daftari lake la maendeleo: tarehe, alipofika, aliyemsikiliza. Msiwapange kwa namba moja hadi themanini na kuyatangaza majina ya wa mwisho.

Maalim wenu mpeni hifdhi na tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, ambako ndiko ubora wake uliko, na mumwombe awe wa mwisho kuidhinisha mtoto kupanda ngazi. Mtu aliyepewa amana halisi hapigi vita mpango. Halafu iangalieni posho yake. Mkimwongezea kazi ya madaftari na makundi bila kumwongezea chochote, mtaala utakufa kabla ya muhula kwisha, na msimlaumu.

Bakora nayo inahitaji neno. Ibn Khaldun ameandika wazi kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, hasa wadogo: unawazima uchangamfu, unawatia uvivu na unawafundisha uongo na hila ili kukwepa mkono. Fimbo ikiwa ndiyo inayoshikilia nidhamu kwenu, jueni mara nyingi inaficha tatizo la kungoja nililolieleza juu. Na pakiwa na tuhuma za mtoto kujeruhiwa au kuguswa vibaya, hilo halimalizwi ndani ya kamati wala kwa kuombana radhi. Mwondoeni mtuhumiwa kwa watoto siku hiyohiyo na mpeleke taarifa kwa vyombo vinavyolinda watoto mahali mlipo.

Yako mengine ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Mtafuteni qari, msomaji wa Qur'ani mwenye ijaza (idhini ya kufundisha kutoka kwa mwalimu wake), akae ana kwa ana na walimu wenu wote wawili awasikilize, kwa siri na kwa heshima. Matamshi hayasahihishwi kwa barua. Mtoto ambaye baada ya mwaka mzima bado anachanganya bee na tee wakati wenzake wameshapita, zungumzeni na wazazi wake apimwe macho na masikio kabla hajaitwa mzito. Na anayegugumia asomewe hadithi ya Bi Aisha, kwamba anayesoma Qur'ani kwa tabu ana ujira mara mbili, kisha apewe muda wake. Masuala ya fiqhi yatakayowagawa, yapelekeni kwa mwanazuoni mnayemwamini wote kabla ya kuyaandika kwenye mtaala.

Kwa kuanza, chukueni kundi moja tu la watoto 10 wanaokwama kusoma, wapeni nusu saa zao kila siku kwa muhula mmoja, na rudieni jaribio la neno lililofunikwa mwanzo na mwisho. Mwiteni maalim awe ndiye anayewasikiliza.